Maombi ya Siku ya Ishirini

Mimi nina mdomo. Nawaambia mwenyewe kabla hamjaambiwa na watu. Sepuka nzima wanajua Eliana mjane wa Kefa hamezi neno. Likimjia analitoa, awe anaongea na mwenyekiti wa kijiji au na muuza dagaa. Ndiyo maana nikisimulia habari ya yale mayai watu huniuliza, wewe na mdomo wako wote huo, siku ile ulikuwa wapi? Nilikuwepo. Nilisimama kando ya mashine ya kutotolea vifaranga nimekunja mikono, nikanyamaza kama mgeni aliyekuja kuomba chumvi. Sasa nitawaeleza ilivyokuwa, na mkitaka kunilaumu mjue mmechelewa, nimeshajilaumu vya kutosha.

Mambo yalianza na mdondo, ule ugonjwa unaomaliza kuku. Nilikuwa na kuku arobaini na kitu, wa kienyeji, hawa hawa wetu ambao malori huwafuata mpaka huku vijijini. Kefa alipokufa ndio walionibeba. Jumatatu asubuhi nikamkuta mtetea mmoja uani shingo imepinda, anazunguka pale pale kama amelewa. Jumanne wakawa saba. Kufika Ijumaa nilikuwa nimeshika jembe nyuma ya nyumba nafukia, na nilipomaliza nikakaa kando ya lile shimo nikalia kwa sauti, sikujali nani ananisikia. Asiyefuga anaweza kucheka. Kwangu ulikuwa msiba wa pili.

Wiki mbili baadaye akaja mama mkwe. Watu humwita Mama Nathanaeli, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Kefa wangu alikuwa wa mwisho. Anakaa Mwankoko, pembeni ya mji wa Singida, ni mzee wa kanisa na ni mama mwenye huruma, hilo siwezi kumnyima. Alifika akaangalia banda tupu, akafunua chungu jikoni akakuta mlenda mtupu, akamwangalia Rebeka, mtoto wangu wa pekee. Rebeka alikuwa na miaka tisa na miguu ilikuwa imebaki fito. Hakunisema. Angenisema ningejua pa kumjibu. Aliniambia kwa upole tu kwamba atamchukua mtoto akae naye, ale, asome huko. Siku nikiwa na kitu kinachotembea uani atamrudisha.

Nikakubali. Hakuna aliyeniwekea panga shingoni. Nilimfungia Rebeka nguo zake kwenye mfuko, nikamwambia utarudi kuku wakipatikana. Akaitikia kwa kichwa, akaondoka ameshikwa mkono na bibi yake. Kuanzia hapo sikuwa na shida nyingine duniani. Nilitaka kuku ili nimpate mtoto wangu, basi.

Kutafuta mitetea na kungoja walalie mmoja mmoja, ningezeeka. Kaka yangu Moses ndiye aliyenipa akili. Yeye ni fundi wa friji mjini, na alikuwa na friji bovu limelala tu uani kwake. Akalitoboa, akaweka balbu nne, feni ndogo, kidude cha kuzima balbu joto likizidi, na kioo kidogo chenye tarakimu nyekundu cha kuonyesha joto la ndani. Chini akaweka sinia la maji ili hewa isikauke. Akalilaza chali, mlango wake ukawa kifuniko. Tukaliweka chumbani kwangu, karibu na kitanda, mwezi wa sita mwishoni.

Mayai nilipewa na wanawake wenzangu ambao kuku wao walipona. Jirani yangu Editha peke yake alinipa kumi na mawili. Makubaliano yetu ni yale ya siku zote, ya kufugiana kwa nusu: wakitoka, nusu yao, nusu yangu. Nikapata sabini. Kila yai nililichora kwa mkaa, msalaba upande huu na duara upande wa pili, nijue lipi nimeligeuza na lipi bado. Asubuhi, mchana na jioni nilikuwa nageuza. Siku ya saba nikayapima kwa tochi ya simu, sita hayakuwa na kitu, nikayatoa. Yale sitini na manne yaliyobaki, ukiyamulika unaona mishipa na kijitu cheusi kinacheza katikati. Jamani, nilikuwa naongea nayo. Nilikuwa nayapa habari za Rebeka, amefaulu hesabu, amenenepa, bibi yake amemshonea gauni.

Moses aliniachia amri moja. Siku ya kumi na nane unageuza mara ya mwisho, unajaza maji kwenye sinia, unafunga. Hufungui tena mpaka siku ya ishirini na moja, vifaranga wametoka na wamekauka. Ukifungua pale katikati, kifaranga ameshatoboa ganda, upepo ukamwingilia, ile ngozi nyembamba ya ndani inakauka na kumbana, hawezi tena kujizungusha. Anafia mlangoni. Na upepo wetu wa mwezi wa saba mnaujua, ule mkavu unaopasua midomo.

"Hata akija nani, Eliana," Moses aliniambia. "Hata akija nani, usifungue."

Siku ya kumi na tisa ilikuwa Alhamisi. Jioni nikiwa nasonga ugali nikasikia sauti chumbani, nyembamba, piu, piu. Nikaacha mwiko ndani ya sufuria. Nilipofika ilikuwa si moja tena, walikuwa wengi, wanalia ndani ya maganda yao, wanaitana. Furaha ilinipanda kichwani. Nikachukua simu nikampigia mama mkwe, nikamwambia mama, wanalia, Jumamosi watakuwa nje, njoo na mtoto uone mwenyewe. Hapo ndipo kosa langu. Ningemwambia aje Jumatatu. Lakini nilitaka ajue haraka kwamba sikushindwa, nilitaka sana, na hiyo ndiyo shida ya mtu mwenye mdomo, hata furaha hawezi kuitunza.

Hakungoja Jumamosi. Ijumaa saa nne asubuhi bodaboda ikasimama mbele ya nyumba, akashuka Mama Nathanaeli na kitenge chake cha kanisa, na nyuma yake Rebeka. Mtoto alikuwa amerefuka. Mashavu yamejaa. Aliniamkia shikamoo kwa adabu ya Mwankoko, halafu adabu ikamshinda akanirukia shingoni, nikamshika mpaka akalalamika namuumiza. Nikawapa chai. Mama mkwe alikunywa vikombe viwili, akafuta mdomo, akasema haya, tukaone.

Nikamwambia, mama, haifunguliwi mpaka kesho.

Akacheka. Akaniuliza kama kuku akiwa analalia hainuki kwenda kula. Huinuka, nikasema. Na mayai yake hufa? Hayafi. Basi, akasema, yeye alilalisha kuku kabla mimi sijazaliwa, asifundishwe na friji. Nikamweleza tena, taratibu, habari ya upepo na ile ngozi, kama Moses alivyonieleza. Safari hii hakucheka. Akaweka kikombe chini.

"Unafunika nini chumbani, Eliana, ambacho mimi nisikione?"

Hapo pabaya. Sanduku limefungwa, liko chumbani kwa mjane, linatoa mwanga na sauti za viumbe. Mnajua watu wa huku wanaweza kulivuta neno kama hilo likafika wapi. Tena ni mama mkwe. Nilivyolelewa mimi, mama mkwe humwambii hapana mara mbili. Mara moja nilishasema, ya pili nikaimeza. Na mtoto wangu alikuwa mikononi mwake. Nikafikiri, dakika moja, aone, nifunge. Nikawatangulia chumbani.

Akasema giza, fungua dirisha. Nikafungua. Akainua kifuniko mwenyewe. Mayai yalikuwa yametoboka mengi, zaidi ya arobaini, kila moja na kitundu chake na ncha ya mdomo inachungulia. Mmoja alikuwa ameshatoka, mbichi, amelala juu ya wenzake anahema. Mama mkwe alishika kifua. Akachukua yai moja akampa Rebeka, akamwambia weka sikioni, na Rebeka akaweka, akacheka. Tangu baba yake azikwe nilikuwa sijamsikia akicheka namna ile. Niseme nini? Nikamwacha acheke. Halafu nikanyoosha mkono nifunge.

Mama Nathanaeli akasema, "Tuombe."

Akaweka viganja vyote viwili juu ya mayai, akafumba macho.

Sasa, yule mama haombi kwa kifupi. Kanisani wakimpa maombi ya kufunga ibada, wenye maharage motoni hutoka mapema. Alianza kwa Kiswahili, akashukuru kwa safari, kwa bodaboda, kwa mvua zilizopita. Akashukuru kwa mayai. Akahamia Kinyaturu, na huko ndiko kwenye bahari yake, akaanza kuwataja marehemu wa ukoo mmoja mmoja, ili Mungu awakumbuke waliofuga kabla yetu. Mimi jicho moja nilikuwa nimelifumbua. Kile kioo kilikuwa kimeanza thelathini na saba. Nilipotazama kikasema thelathini na tatu. Pazia lilikuwa limejaa upepo, linapiga ukuta.

Nikasema amina, kwa nguvu, nikitumaini atashtuka amalize. Akaona ninamuunga mkono, akapandisha sauti. Thelathini. Nikasema amina ya pili, akafika kwa Kefa. Hapo akalia. Alimtaja mwanawe kwa jina lake la utotoni ambalo hata mimi nilikuwa sijalisikia siku nyingi, machozi yakamdondoka juu ya mayai, na Rebeka pembeni naye akaanza kulia amekumbatia lile yai lake. Mngenitaka nifanye nini? Nimshike mikono mama anayemlilia mwanawe mbele ya Mungu, nimwambie toka, kuku wangu wanapigwa na baridi? Ninyi mngeweza? Mimi sikuweza. Nilisimama. Ishirini na sita. Ishirini na nne. Aliposema amina yake mwenyewe, kioo kilikuwa kimefika ishirini na mbili, na saa ya simu yangu ilionyesha tumesimama pale karibu nusu saa.

Nilifunga kifuniko, nikafunga dirisha, nikachemsha maji nikabadilisha sinia, nikaweka na matambara mabichi. Balbu zote nne zikawaka. Mchana ule waliendelea kulia, nikaanza kujipa moyo kwamba labda Moses alinitisha tu. Jumamosi walilia kidogo. Rebeka alishinda amekaa kitandani kwangu, sikio kwenye friji, ananihesabia sauti. Jioni akaacha kuhesabu, akaniuliza.

"Mama, wamelala?"

Nikamwambia wamelala.

Jumapili asubuhi, siku ya ishirini na mbili, nikafunua. Walikuwa wametoka sita. Wengine wote walikuwa mle mle ndani ya maganda, midomo imechungulia kwenye vitundu vyao, ile ngozi imekauka ikawagandia manyoya. Nilichukua mmoja aliyekuwa bado anatikisika, nikamlowesha kwa maji ya uvuguvugu, nikaanza kumbandua polepole kwa kucha. Damu ikatoka. Alifungua mdomo mara mbili kiganjani mwangu, akaishia hapo. Nikachukua mwingine, ikawa vile vile. Sikumbuki nilibandua wangapi. Nakumbuka nilipoinua macho Rebeka alikuwa amesimama mbele yangu ananiangalia mikono.

Mama mkwe akaja mlangoni, amevaa tayari kwa ibada, Biblia kwapani. Alitazama sana. Uso wake ulikuwa umeshuka, hilo nililiona, na bado halikunisaidia.

"Tuliomba," akasema kwa sauti ndogo. "Mungu amejibu alivyopenda."

Basi likanitoka. Yote niliyoyameza Ijumaa yalitoka Jumapili. Nilimwambia Mungu asimsingizie, Mungu hakufungua dirisha. Nilimwambia kwamba nilimkataza akajifanya anajua, kwamba kelele zake ndizo zilizowakausha, kwamba Kefa alikuwa analalamika hivyo hivyo, nyumbani kwao mtu anaweza kufa na njaa mezani akingoja amina. Kefa hakuwahi kusema hivyo. Nilitunga pale pale, ili aumie. Majirani walikuwa wameshasimama nje. Na nikamalizia kwa lile ambalo likinijia mpaka leo hutamani ardhi inimeze:

"Mmekuja kuniulia, wewe na huyo mtoto wako. Ondokeni naye."

Mama Nathanaeli alimshika Rebeka mkono, akachukua mizigo yao, wakaondoka kwa miguu kwenda barabarani. Hawakupita hata kanisani.

Nilikaa na hasira zangu mpaka jioni, nikiwa najiona nina haki. Ndipo akaja Editha. Alinikuta nafukia maganda, akasimama, akaonekana ana neno na hataki kulisema. Nikambana. Akaniambia Jumamosi bombani mama mkwe wangu alimwonyesha karatasi kwenye pochi, barua ya uhamisho wa Rebeka kutoka shule ya Mwankoko kuja hapa Sepuka. Alikuwa ameshaichukua tangu Jumatano, kabla hata sijapiga simu. Alimwambia Editha kwamba mtoto usiku anamlilia mama yake, na yeye hawezi tena. Anamwacha Sepuka, vifaranga wawepo wasiwepo, na atakuwa analeta unga kila mwisho wa mwezi. Alitaka tu anishtukize baada ya ibada.

Nilikaa chini pale pale juu ya udongo.

Wale sita waliishi, maana kuku hajui aibu. Mwezi wa tisa nikaomba mayai tena, na wenzangu, Mungu awabariki, wakanipa tena. Safari hiyo nilifunga kifuniko kwa kamba ya katani, mafundo matatu, na hakuja mtu. Wakatoka hamsini na wawili. Nikawagawia wenyewe nusu yao, nikawachanja wangu kwa matone ya macho kama bwana mifugo alivyotuelekeza, na kufika mwezi wa pili uani kwangu kulikuwa na kuku wa kutosha hata mpita njia anageuza shingo. Kila nikiwatazama nilikuwa naona aibu. Ile siku ya kitu kinachotembea uani ilikuwa imefika, na mtoto hakuwepo.

Nikaenda Mwankoko. Nilibeba jogoo mwekundu na kitenge kipya. Sikuzunguka, nilipiga magoti kwenye kizingiti nikasema nimekosa, na lile neno la Kefa nilikuwa nimelitunga. Mama Nathanaeli aliniinua kwa mikono yake. Akasema na yeye alikosa, Moses alishamfuata akamweleza kila kitu, na tangu siku hiyo anaomba kwa kifupi mpaka watu kanisani wanamuuliza kama anaumwa. Tukacheka kidogo, tukalia kidogo. Akasema mtoto ni wako, barua ya uhamisho wataandika nyingine, mchukue leo hii. Moyo wangu ulikuwa mwepesi, sina namna ya kuueleza.

Akamwita Rebeka. Alikuwa nyuma ya nyumba anasugua sufuria kwa mchanga, akaja na mikono mieusi. Akaniamkia. Hakunirukia. Nikamwambia mwanangu, nimekuja tuondoke, nyumbani kuna kuku wengi sasa, utakuwa unaokota mayai mwenyewe.

Akafikiri. Ana miaka kumi sasa, akifikiri anakunja uso kama baba yake.

"Wakifa tena, nitarudishwa huku?"

Nikamwambia hapana, mwanangu, hutarudishwa.

"Wale wa kwanza walikufa, nikaletwa," akasema. "Wa friji wakafa, ukanifukuza."

Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayekukumbusha kitu ulichosahau dukani. Nikamwambia hawa wamechanjwa, hawafi. Nikamwambia nilisema vile kwa uchungu, kosa halikuwa lake hata kidogo, nikamwapia kwa kaburi la baba yake. Alinisikiliza mpaka nilipomaliza yote, hakunikatiza. Mama mkwe alimwambia nenda na mama, mjukuu wangu, nenda. Rebeka akatikisa kichwa.

"Kwa bibi hakuna kuku," akasema.

Akaomba ruhusa kwa bibi yake, akarudi nyuma ya nyumba, nikasikia mchanga kwenye sufuria. Tulikaa sebuleni mimi na Mama Nathanaeli, jogoo amefungwa miguu kwenye kona. Saa nane nikatoka kwenda kupanda basi la Sepuka. Nilikuwa nimeshakata tiketi mbili.